Siri ya Mungu na kuchaguliwa tangu asili: tuifundisheje kwenye jumuiya bila kuigeuza kuwa kadari?

Mto Lukuledi (mwanzisha uzi)

Kwema wakuu. Uzi huu ni wa walimu wa dini, makatekista, wainjilisti na yeyote anayeongoza masomo ya Biblia huku kwetu, kuanzia Kilwa mpaka Nanyumbu.

Msimu wa korosho ukipita, jumuiya nyingi hurudi kwenye mafundisho ya jioni, na mada inayovunja vikao ni hii. Mwalimu anafungua Waefeso 1, anasoma "alivyotuchagua katika yeye kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu", hajamaliza hata mstari wa tano mtu ananyoosha mkono: "Kama sikuchaguliwa, nasali ya nini?" Mwingine anasema kila kitu kimeshaandikwa. Wa tatu anamkatalia. Basi, jioni yote imekwenda, na Waefeso 1 haijasomwa.

Kwa maoni yangu kosa liko mahali pa kuanzia. Tunaanza na orodha ya majina: nani yumo, nani hayumo. Paulo haanzii hapo. Anaanza na siri, na siri yake si jambo lililofungiwa. Ni mpango wa Mungu uliokuwa umefichwa ambao sasa umetangazwa hadharani. Yaliyomo ameyataja waziwazi: Waefeso 1:10 ni kuvijumlisha vitu vyote katika Kristo; Waefeso 3:6 ni Mataifa kuwa warithi pamoja, wa mwili mmoja; Wakolosai 1:27 ni "Kristo ndani yenu, tumaini la utukufu". Mtu akishaelewa kwamba siri imefunguliwa, suala la kuchaguliwa analisoma kwa macho mengine kabisa.

Napendekeza jioni sita, kila moja dakika 75: kusoma kwa sauti 15, maelezo 25, vikundi vya watu wanne au watano 20, maswali 15. Mpangilio wenyewe:

Ya kwanza, Danieli 2 yote, mistari 49. Ndiyo ardhi ambamo neno "siri" la Paulo limeota. Mfalme ameota, wenye hekima wa Babeli wameshindwa, na Danieli anasema "yuko Mungu mbinguni afunuaye siri". Malizia na Marko 4:10-12.

Ya pili, Waefeso 1:3-14, kisha 2:11 hadi 3:13 bila kukatiza.

Ya tatu, Warumi 8:18-39.

Ya nne na ya tano, Warumi 9, 10 na 11. Hapa msibane.

Ya sita, Kumbukumbu la Torati 29:29, Wafilipi 2:12-13 na 2 Petro 1:3-11, halafu maswali yote yaliyowekwa kando.

Naomba wenye ujuzi waikosoe. Nataka hasa kusikia mahali inapokwama.

---

Msomaji wa Newala

Mpangilio mzuri, mwalimu. Naongeza la kiufundi kwa wanaoandaa masomo kwa itifaki ya Biblia (kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yalimo).

Kitenzi cha Kigiriki kinachobeba fundisho hili, proorizo (kuazimia tangu mbele), kimo mara sita tu katika Agano Jipya: Matendo 4:28, Warumi 8:29 na 8:30, 1 Wakorintho 2:7, Waefeso 1:5 na 1:11. Katika Union Version (tafsiri ya Biblia ya Kiswahili inayotumika sana) kimefasiriwa kwa maneno mbalimbali (kukusudia tangu zamani, kuchagua tangu asili, kuazimu, kutangulia kuchagua), kwa hiyo ukifuata neno moja la Kiswahili kwenye itifaki utapata nusu ya mahali na kuacha nusu. Yaandike yote sita kwenye karatasi moja, kisha chini ya kila moja andika: nani au nini kimeazimiwa, na kwa lengo gani.

Matokeo yake yanashangaza wengi. Matendo 4:28, kilichokusudiwa ni mateso ya Yesu mikononi mwa Herode na Pontio Pilato. 1 Wakorintho 2:7, ni hekima ya Mungu iliyofichwa katika siri, yaani Kristo aliyesulibiwa. Warumi 8:29, ni watu, lakini lengo lake ni "wafananishwe na mfano wa Mwana wake". Waefeso 1:5, ni kufanywa wana. Waefeso 1:11-12, ni tuwe sifa ya utukufu wake. Hakuna hata mahali pamoja ambapo kitenzi hicho kinatumika kwa mtu kupangiwa upotevu. Hilo peke yake halimalizi mjadala, maana Warumi 9 ipo, lakini mwalimu anatakiwa kuliweka mezani kabla ya yote.

Na wanakikundi waonyeshwe hili kwenye Waefeso 1:3-14: Kigiriki chake ni sentensi moja ndefu, na karibu kila mstari una "katika Kristo", "katika yeye" au "ndani yake". Wape kalamu wapigie mstari. Kwa Paulo hakuna uteule unaosimama nje ya Kristo ukisubiri kuchunguzwa.

---

Mbuyuni Lindi

Naheshimu kazi mliyofanya ndugu zangu, ila sisi wa upande wa kipentekoste tunaona mmeanza tayari mmeegemea upande mmoja. Petro anasema wateule ni "kama vile Mungu Baba alivyotangulia kuwajua" (1 Petro 1:2). Na Warumi 8:29 inaanza na kujua, ndipo kuchagua. Mungu aliona mbele nani ataamini, akamchagua huyo. 1 Timotheo 2:4, Mungu "hutaka watu wote waokolewe". Yesu aliulilia Yerusalemu, "ni mara ngapi nimetaka", "lakini hamkutaka" (Mathayo 23:37). Ukiondoa kutaka kwa mwanadamu, kilio kile kinakuwa cha nini?

---

Shamba la Kitangari

Ndugu Mbuyuni, msimamo wako una ukoo mkubwa na mwalimu anapaswa kuufundisha kwa haki. Wafuasi wa Jacobus Arminius, mwanateolojia wa Uholanzi, waliuandika katika vipengele vitano mwaka 1610, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Mtaguso wa Dort, mkutano wa kanisa uliofanyika Uholanzi 1618 hadi 1619, ukaukataa. Karne iliyofuata mhubiri John Wesley akauhubiri tena kwa nguvu Uingereza, na makanisa mengi ya kipentekoste yameurithi kupitia njia hiyo.

Kuna swali ambalo lazima uwe umejiandaa kulijibu, kwa sababu mtu makini atakuuliza: katika Biblia, Mungu "kumjua" mtu mara nyingi si kupata habari zake tu. Amosi 3:2, Mungu anawaambia Israeli kwamba ni wao peke yao aliowajua katika jamaa zote za duniani, na hakika mataifa mengine hakuwa hana habari nayo. Yeremia 1:5, "Kabla sijakuumba katika tumbo nalikujua". Huko ni kujua kwa upendo, kwa kumchukua mtu awe wake. Warumi 8:29 inasema "aliowajua", haisemi "ambao imani yao aliijua". Upande wa pili, yaani wanaofuata John Calvin, mwanamageuzi wa karne ya 16, nao wana swali lao gumu: kama uteule hautegemei chochote ndani ya mtu, 1 Timotheo 2:4 na Ezekieli 33:11 ("sikufurahii kufa kwake mtu mwovu") zinasomwaje bila kupunguzwa uzito?

Mwalimu mzuri anaweka maswali yote mawili ubaoni. Akificha mojawapo, watu watalikuta kwingine na wataona walidanganywa.

---

Nyangao Juu

Kwa wakatoliki wenzangu, msianze na mabishano ya wanateolojia. Wadominiko na Wajesuiti, mashirika mawili ya watawa, walibishana juu ya neema na hiari ya mtu mbele ya tume ya Roma kuanzia 1598, na mwaka 1607 Papa Paulo V akaufunga mjadala bila kumhukumu yeyote, akakataza pande hizo kuitana wazushi. Kwa hiyo katekista asimlazimishe muumini kuchagua pale ambapo Kanisa limeacha wazi.

Yaliyofungwa ni haya, na yatosha kwa jioni moja. Sinodi ya Orange (mkutano wa maaskofu kusini mwa Ufaransa), 529: mwanzo wenyewe wa imani ni neema, na anayesema baadhi wamepangiwa uovu kwa uwezo wa Mungu amelaaniwa. Mtaguso wa Trento, kikao cha sita, 1547: hakuna ajuaye kwa hakika kamili kwamba yumo kati ya wateule, isipokuwa Mungu amfunulie kwa namna ya pekee. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 1037: Mungu hamwazimii mtu yeyote kwenda motoni, huko mtu hufika kwa kumkataa Mungu kwa hiari na kudumu hivyo mpaka mwisho. Namba 600 nayo isomwe: kwa Mungu nyakati zote zi mbele yake, na katika mpango wake ameingiza jibu huru la kila mtu kwa neema yake.

Mahali ninapoona pakikwama kwenye mpangilio wa mwanzisha uzi ni jioni ya kwanza. Danieli 2 ni ndefu na watu watavutwa na sanamu: kichwa cha dhahabu ni nani, miguu ya chuma na udongo ni dola gani. Muda wote utaishia huko. Mwongoze mstari wa 17 hadi 30 kwanza, ndipo sanamu isomwe kwa haraka.

---

Mto Lukuledi

Nimekusoma, Nyangao. Hilo la kutanguliza mstari wa 17 hadi 30 nalichukua kama lilivyo.

---

Shangani Mashariki

Upande wa Kilutheri, Kanuni ya Makubaliano ya 1577 (ungamo la imani la Walutheri), kifungu cha kumi na moja, inatenganisha mambo mawili ambayo vikundi vyetu huyachanganya kila mara. Kujua kwa Mungu tangu awali kunahusu kila kitu, chema na kiovu, lakini hakusababishi uovu. Uteule unahusu watoto wa Mungu tu, na wenyewe ni chanzo cha wokovu wao. Hakuna amri ya pili ya milele inayowapangia wengine kupotea. Anayeokoka, sifa ni ya Mungu. Anayepotea, lawama ni yake. Ukiuliza "basi kwa nini huyu aamini na yule asiamini, wakati wote ni wakosaji sawa?", kifungu hicho kinakataa kujibu, kinakupeleka Warumi 11:33: "Hukumu zake hazichunguziki, wala njia zake hazitafutikani!"

Wengine wataona ni kukimbia swali. Mimi naona ndiyo nidhamu ya Kumbukumbu la Torati 29:29: "Mambo ya siri ni ya BWANA, Mungu wetu, lakini mambo yaliyofunuliwa ni yetu sisi na watoto wetu milele". Mpaka umewekwa na Maandiko yenyewe. Na angalieni mstari huo unavyoendelea: yaliyofunuliwa tumepewa "ili tuyafanye". Kwa hiyo muumini anayeuliza "nimo?" haelekezwi kwenye shauri la siri. Anaelekezwa kwenye ubatizo wake, kwenye Injili inayohubiriwa kwa wote, kwenye meza ya Bwana, na kwenye Yohana 6:37: "wala yeyote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe."

---

Binti Nachingwea

Shikamooni walimu. Naomba tusaidiane kuhusu kichwa cha uzi chenyewe, kadari. Huku mwambao na hata bara, jirani zetu wengi ni Waislamu, tunazika pamoja na tunasikia mawaidha yao. Mkristo akisikia "kuazimiwa" anasikia kadari aliyoizoea mtaani: imeandikwa, huna la kufanya. Mnatofautishaje bila kumkosea jirani?

---

Msomaji wa Newala

Marahaba, binti. Swali zuri, na jibu lake lina sehemu mbili.

Kwanza, usifundishe kwamba Uislamu ni kukaa tu na kungoja yaliyoandikwa. Si kweli. Kuamini kadari ni mojawapo ya nguzo sita za imani kwao, na wanazuoni wao wamejadili kwa karne nyingi uhusiano wake na matendo ya mja. Hadithi yao mashuhuri inamwambia mtu amfunge ngamia wake ndipo amtegemee Mungu. Hiyo "imeandikwa" ya kukata tamaa ni mazoea ya watu, na Wakristo wanayo vilevile: mtoto hapelekwi zahanati mapema, halafu matanga yakifika tunasema ilikuwa siku yake.

Pili, onyesha Maandiko yanavyofunga kusudi la Mungu na matendo ya mtu katika pumzi moja. Matendo 27 ndiyo sura bora kwa watu wa bahari. Mstari wa 22 hadi 24 Paulo, akiwa merikebuni katika dhoruba, ameahidiwa na malaika kwamba hakuna atakayepoteza maisha. Mstari wa 31 mabaharia wanataka kutoroka kwa mashua, naye anamwambia akida na askari, hawa wasipokaa merikebuni ninyi hamwezi kuokoka. Ahadi ni ya hakika, na mabaharia ni wa lazima. Mstari wa 34 anawahimiza wale chakula. Mstari wa 37 waliomo ni watu 276, na mstari wa 44 wote wamefika nchi kavu, wengine wakiogelea, wengine juu ya mbao. Hakuna aliyefika kwa kukaa. Isomwe sura nzima, inachukua dakika kama saba, na maswali ya kadari hupungua nusu bila mwalimu kutaja dini ya mtu.

---

Mbuyuni Lindi

Hiyo ya Matendo 27 naikubali mia kwa mia. Sasa mje Warumi 9. Hapo ndipo watu wanapoumia. "Yakobo nimempenda, bali Esau nimemchukia." Na moyo wa Farao.

---

Shamba la Kitangari

Warumi 9 naomba niiandikie kwa urefu, maana ndiyo inayoharibiwa zaidi.

Kosa la kwanza ni kuisoma peke yake. Warumi 9 hadi 11 ni hoja moja yenye mistari 90 (33, 21 na 36). Ukikatia 9:24 umeacha hoja njiani. Inaanza na uchungu: Paulo yuko tayari hata kutengwa na Kristo kwa ajili ya ndugu zake (9:3). Swali lake ni kama neno la Mungu limetanguka kwa kuwa Israeli wengi hawakuamini. Toka 9:6 hadi 9:29 anajibu kwa uhuru wa Mungu. Toka 9:30 hadi 10:21 anajibu kwa wajibu wa watu, na sura ya kumi inamalizika kwa mikono ya Mungu iliyonyoshwa mchana kutwa kwa watu wakaidi. Sura ya 11 inaleta siri yenyewe, mstari wa 25: ugumu wa Israeli ni kwa sehemu, mpaka utimilifu wa Mataifa uwasili. Na 11:32 ndiyo kilele: Mungu amewafunga wote katika kuasi "ili awarehemu wote". Mwalimu anayefika 9:22 na kufunga kitabu amewapa watu hofu ambayo Paulo hakuwapa.

Yakobo na Esau. Paulo ananukuu mahali pawili. Mwanzo 25:23, "Mataifa mawili yako tumboni mwako", na Malaki 1:2-3, iliyoandikwa karne nyingi baadaye kuhusu Israeli na Edomu. Hoja ni nani atabeba ahadi. Kwenye Mwanzo 33 Esau anamkimbilia Yakobo, anamkumbatia na kumbusu, na ana mali tele. Usimfanye mfano wa mtu aliyeumbwa apotee. Hata hivyo nakiri kwamba Paulo anahamia kwa watu mmojammoja pia (9:24, "aliotuita"), kwa hiyo kusema sura yote ni mataifa tu hakutoshi.

Farao. Fungua Kutoka na penseli. Kwanza Mungu anatangaza atakalofanya (4:21 na 7:3). Katika mapigo matano ya mwanzo haisemwi popote kwamba BWANA ameufanya moyo wake kuwa mgumu: ama moyo unasemwa tu kuwa mgumu (7:22, 8:19, 9:7), ama Farao mwenyewe anaufanya mzito (8:15, 8:32). BWANA kuufanya mgumu kunatajwa mara ya kwanza kwenye pigo la sita, majipu, 9:12. Kisha 9:34 Farao anaufanya mzito tena mwenyewe. Wanaofuata Arminius wanatilia mkazo mfuatano huo. Wanaofuata Calvin wanajibu kwamba 4:21 ilitangulia yote. Zote mbili ziko kwenye kitabu, na kikundi kizione kwa macho yao.

Vyombo vya mfinyanzi, 9:22-23. Linganisheni maneno: vyombo vya ghadhabu "vilivyofanywa tayari kwa uharibifu", aliyevifanya hatajwi, vyombo vya rehema, Mungu mwenyewe "alivitengeneza tangu zamani". Paulo hakuviweka sawa. Halafu nendeni Yeremia 18:7-10, ambako mfinyanzi huyo huyo anasema taifa likigeuka na kuacha uovu, naye ataghairi mabaya aliyokusudia kulitenda.

La mwisho, mzeituni wa 11:17-24. Huku kwetu wanaofahamu kubebesha miche ya mikorosho watauliza mara moja, na waachiwe waulize. Mkulima hukata kikonyo cha mkorosho bora akakipachika kwenye shina la kawaida. Paulo anasema kinyume: tawi la mzeituni mwitu limepachikwa kwenye mzeituni mwema. Na anajua anachosema, mstari wa 24 ameandika "kinyume cha asili". Mataifa hawakuongeza ubora kwenye shina, wamelishwa nalo. Ndiyo maana 11:20-22 ni onyo: usijivune, tawi lililopachikwa laweza kukatwa. Watu wa "nimechaguliwa, nimemaliza" wakae na mistari hiyo mitatu.

---

Shangani Mashariki

Asante sana mkuu. Naomba hili la 11:20-22 lisomwe pamoja na Warumi 8:38-39 jioni hiyo hiyo. Onyo peke yake huvunja mtu dhaifu, na faraja peke yake hulaza mtu mzembe. Paulo ameandika zote mbili katika barua moja kwa kanisa moja.

---

Mikindani Bandarini

Sina mengi. Kuna jambo la mtaani halijaguswa: wanaouza "siri". Mabango yapo, mahubiri ya spika yapo: njoo ufunuliwe siri ya maisha yako, nani amefunga nyota yako, na kuna kiasi cha kutoa. Msomo huu uwape watu kipimo. Siri ya Mungu katika Agano Jipya ina alama nne ambazo mtu yeyote anaweza kuzikagua. Yaliyomo ni Kristo, hayahusu mchawi wa jirani yako (Wakolosai 2:2-3). Imekwisha kufunuliwa, kwa hiyo hakuna anayeishikilia mfukoni (Warumi 16:25-26). Inatangazwa kwa mataifa yote, haiuzwi kwa kikao cha faragha. Na wanaoitumikia ni mawakili wanaodaiwa uaminifu (1 Wakorintho 4:1-2). Simoni wa Samaria alitaka kununua karama ya Mungu kwa fedha, na Petro alimjibu vikali, Matendo 8:18-23. Anayekutaka utoe hela ili akuambie ulichoandikiwa ameshindwa alama zote nne.

---

Binti Nachingwea

Hii naichapisha. Swali langu la mwisho ni la msibani, hasa mtoto mchanga akifa. Watu wanasema "Mungu alimpangia", "Mungu kampenda zaidi". Mama anakaa nayo miaka.

---

Nyangao Juu

Hapa mtoa neno ajizuie kuliko mahali pengine popote.

Usitaje sababu ya kifo upande wa Mungu. Hujafunuliwa. Luka 13:1-5 Yesu aliletewa habari za watu waliouawa, naye akataja wale 18 walioangukiwa na mnara Siloamu, akakataa kabisa kuunganisha kifo chao na kiasi cha dhambi zao. Kwa kipofu wa Yohana 9 alikataa vilevile. "Mungu kampenda zaidi" inamwambia mama kwamba mapenzi ya Mungu ndiyo yaliyompokonya. Hata kama anayesema ana nia njema, ujumbe unaofika ni huo.

Somo lisizidi dakika kumi. Soma Warumi 8:26-27 (hatujui kuomba ipasavyo, Roho anaugua pamoja nasi) kisha 8:35-39. Ruka mstari wa 29 na 30 siku hiyo. Ni kweli tupu, lakini zinahitaji maelezo na kaburini hakuna nafasi ya maelezo. Yohana 11:35 isomwe pia: Yesu alijua atamfufua Lazaro, na bado alilia.

Kuhusu mtoto mwenyewe: aliyebatizwa, Kanisa halina shaka. Aliyefariki kabla ya ubatizo, Katekisimu namba 1261 inamkabidhi kwa huruma ya Mungu atakaye watu wote waokolewe, na kwa upole wa Yesu aliyesema "Waacheni watoto wadogo waje kwangu". Katekista asiongeze hukumu yoyote juu ya hapo.

---

Shamba la Kitangari

Na ijulikane kwamba hata Dort, unaotajwa kuwa mkali kuliko wote, sehemu ya kwanza kifungu cha 17 uliandika kwamba wazazi wacha Mungu wasiwe na shaka juu ya uteule na wokovu wa watoto wao ambao Mungu amewaita wakiwa wachanga. Waliokaa miezi kadhaa kubishana juu ya uteule walisimama kuandika kifungu kwa ajili ya mzazi aliyefiwa. Walimu wetu wakijue.

---

Mbuyuni Lindi

Nimepata vitu hapa. Swali moja kabla sijaandaa ya kwetu: Yuda. Vijana lazima wataliuliza. Alipangiwa?

---

Msomaji wa Newala

Wape Luka 22:22 kwanza, kabla ya Yohana 17:12. Mstari mmoja una pande zote mbili: Mwana wa Adamu anakwenda zake "kama ilivyokusudiwa", "lakini, ole wake mtu yule amsalitiye". Kusudi linatajwa kwa njia ya Mwana wa Adamu, ole inatajwa kwa msaliti. Yesu hakuitumia ya kwanza kuifuta ya pili.

Kisha wafuatilie Yuda kwa hatua: Yohana 12:6 alikuwa akichukua vilivyotiwa mfukoni, Mathayo 26:14-16 aliwaendea wakuu wa makuhani mwenyewe akauliza mtanipa nini, wakampa vipande 30 vya fedha, Yohana 13:26 Yesu bado anampa tonge, Mathayo 26:50 usiku wa kukamatwa Yesu bado anamwita rafiki. Hakuna hatua hata moja alipolazimishwa, na hakuna hatua alipofungiwa mlango. Matendo 2:23 Petro analisema mbele ya umati kwa namna ileile: Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa, nanyi mkamwua. Na waliposikia wakachomwa mioyo, wakauliza watende nini, Petro hakuwaambia wangoje kuona kama wameandikwa. Mstari wa 38 aliwaambia watubu na kubatizwa, na wa 41 wakabatizwa watu wapata elfu tatu siku hiyo.

Iweke jioni ya tano, baada ya Warumi 10 na kabla ya 11. Ukiiweka ya nne itameza muda wa Farao.